Ngozi ya Kifaru cha Baba

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Madale yote tope jekundu, hata bodaboda wamegoma kupanda kilima chetu. Wiki ya tatu sasa niko hapa kwa Baba. Nilikuja kwa siku mbili.

Leo nimeanza kile kitu. Nimekikwepa kweli! Nimefua mapazia, nimepanga kabati la marehemu mama, nimesugua hadi masufuria ambayo hayajapikiwa tangu msiba. Mwisho Baba akasema: Kokuberwa, masufuria yameisha. Njoo huku.

Kifaru. Kifaru cha vita, si mnyama. Kakijenga miaka sita, tangu mama afariki — mbao, plaiwudi, mabati — kwenye chumba alichokuwa analala kaka Fredrick. Ni robo ya ukubwa wa kile alichoendesha vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na miwili. Ukihesabu na mzinga kinazidi kitanda changu. Hakipiti mlangoni! Akamaliza mwili, magurudumu, minyororo. Ilipobaki ngozi tu, presha ya macho ikamalizia jicho la pili. Sasa hata taa haioni.

Ngozi ndiyo kazi yangu. Anasema kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka na mzinga, kilikuwa chuma cha kumiminwa. Chuma cha kumiminwa si laini. Kina vijibonde na vijivimbe, vidogo, bila mpangilio. Anataka mtu akishika ubao huu asadiki ni chuma. "Si wewe fundi wa kuta?"

Miaka kumi na minane nasawazisha kuta za watu. Skimming, msasa, rangi. Sifa yangu mjini ni kwamba ukipitisha kiganja kwenye ukuta wa Koku hukuti kitu. Leo naombwa kitu kiwepo.

Nimechanganya wall putty, ule unga wa kusawazishia kuta, na vumbi la mbao, nikapaka, nikachomachoma kwa brashi kavu. Machoni pangu kikakaa vizuri. Baba akapitisha kiganja mara moja tu.

Huu ni ukuta, akasema. Uzio wa tajiri wa Mbezi.

Akaondoka anapapasa ukuta wa korido.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu. Nimeamka nakuta kimepasuka chote. Nyufa kama shamba la kiangazi! Plaiwudi imekunywa maji ya putty, na hewa yenyewe mvua tupu. Juu pakavu, chini pabichi. Nilisahau praima, ile rangi ya kwanza inayoziba ubao. Mie! Kibarua wangu akifanya hivyo namrudisha kwao.

Nimekwangua asubuhi nzima. Baba kakaa kwenye kiti anasikiliza skrepa. Afadhali angenigombeza.

Fredrick kapiga simu kutoka Kinyerezi. Kwamba lile dude litupwe, mzee sukari inapanda halafu sie tunacheza. Nikamwambia njoo umwambie mwenyewe. Akasema ana zamu. Huwaga ana zamu.

Alasiri Baba katoa maneno kidogo. Kuna mgeni Jumapili ya tarehe 4 Mei — Bi Tunu, wa Mtoni kule Temeke. Mjane wa Mbwana. Huyo Mbwana alikuwa mpiga mzinga wa kifaru chao na alifia kulekule vitani, mwaka sabini na tisa. Baba kampigia simu mwenyewe kumwita. Miaka arobaini na sita hawajawahi kukaa wakaongea.

Nataka ashike, anasema. Ashike pale alipokuwa anakaa mumewe. Halafu nitamweleza.

Utamweleza nini, Baba?

Paka ngozi, Kokuberwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mchanga safari hii. Nimeuchekecha mara tatu kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi ya mbao, juu ya praima ya mafuta iliyokaa siku mbili. Haikupasuka! Nikaenda kumwita Baba mwenyewe, na furaha ya kijinga, kama mtoto kaleta ripoti ya shule.

Kapapasa. Kasema: Msasa.

Nikamwambia ni mchanga laini kabisa Baba, nimeuchuja —

Msasa. Mbwana angechubuka magoti kila akipanda. Futa.

Sijalia. Nimekwangua nusu, nusu nimeiacha hivyohivyo. Nina miaka arobaini na moja na nimeacha kazi katikati kwa sababu ya neno moja la baba yangu.

Mudathir, msimamizi wetu kule saiti ya Sinza, katuma ujumbe. Ghorofa ya pili kampa fundi mwingine, hakuweza kusubiri. Kanitakia mgonjwa apone. Bora angenitukana.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Baba hakutaka kanisani. Mvua. Sijashika brashi. Sina la kuandika.

Jumatano, 16 Aprili

Jana nilishuka Tegeta kwa Badru, yule anayenyoosha na kupaka rangi magari. Tulisoma wote. Nikamweleza. Hakucheka, namshukuru. Akauliza tu: unataka rangi ya gari iliyopakwa vibaya, siyo? Kabisa! Basi akanionyesha. Putty ya magari, ile ya kumalizia, unailegeza kwa thina mpaka iwe kama uji mzito. Unapaka kidogo, sehemu ndogo. Kabla haijashika unaigonga kwa ncha ya brashi nzee iliyokatwa fupi — kugonga, si kupaka. Ikianza kukauka unapitisha thina juu kwa brashi nyingine ili yale makali yalale. Halafu unaiacha. Usirudierudie, akasema, ndicho kitakachokushinda wewe, wewe mtu wa kurudiarudia.

Leo madirisha yote wazi, kitambaa puani. Kiganja kwa kiganja. Saa nane nikamaliza upande mzima wa kulia. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Mungu wangu. Chuma!

Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi. Nimelinganisha na ile picha ya Baba ya zamani, wamesimama wanne juu ya kifaru wanacheka, Mbwana ndiye mrefu mwenye mwanya. Jua kwenye picha linashika vijibonde vilevile. Nikaita Baba! Baba! Akaja.

Akanyoosha mkono. Akapapasa, polepole. Akatikisa kichwa. Bado, akasema. Bado kunakwaruza kama ukuta.

Mkono wake haukuwa kwenye ngozi. Ulikuwa chini, ubavuni mwa mwili, kwenye plaiwudi tupu ambayo sijaigusa. Laini kama meza.

Nimejiambia kachoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuchoka.

Asubuhi nimempa chai. Kikombe cha bati, nimemimina ikichemka, nikamwambia subiri. Akakishika. Viganja viwili, akakizungushia vidole kama mtu anayeota moto. Akakaa nacho. Nilikuwa namenya viazi, nikawa nahesabu bila kujijua. Moja, mbili, tatu… Nikamnyang'anya. Vidole vitatu vimetoka malengelenge. Akaniuliza kwa nini nimemwaga chai.

Haskii. Mikono yake haina habari. Sukari imeila kama presha ilivyokula macho.

Kwa hiyo ule ukuta, ule msasa, uzio wa tajiri — alikuwa hasikii chochote! Alikuwa anabahatisha. Wiki mbili nimekwangua kazi nzuri kwa amri ya mikono iliyokufa. Nimeenda uani nikakaa kwenye ndoo mvuani. Sijui namlilia yeye au kazi yangu. Nimeona aibu kwamba sijui.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Naandika taratibu, nataka iwe sawasawa kama alivyosema. Hakuna wa kumwambia.

Nilikuwa namfunga dawa vidoleni. Akasema: umejua.

Nimejua, Baba.

Tangu Januari, akasema. Ilianza miguuni. Nilidhani nikikukatalia kila mara, mwisho utafanya kitu kikali sana hata mie nitakisikia. Halafu akasema: nisamehe, waitu, lile la Kihaya la kubembeleza. Sijawahi kusikia nisamehe kwake, si kwangu, si kwa mama.

Akaniambia nimpeleke. Nikampeleka. Akapiga magoti kwa shida, huku kanishika bega, akasema nielekezee uso. Nikamshika kichwa kama mtoto anayeogeshwa, nikamlaza shavu kwenye upande ule wa kulia.

Akakaa. Muda mrefu. Pumzi yake ilikuwa inafanya ukungu juu ya putty.

Hapo, akasema. Hapo hapo.

Nilidhani nitafurahi. Akasimulia akiwa hivyo hivyo, shavu kwenye kifaru, hata sikumwona uso.

Walikwama kwenye tope, ng'ambo ya mto. Mbwana akashuka kwenda nyuma kufunga kamba ya chuma ili kifaru cha wenzao kiwavute. Yeye Baba alikuwa chini kwenye usukani. Risasi zikaanza. Kamanda wao juu hakuona kama Mbwana keshashuka. Akapiga kelele kwenye vipokea sauti: Rudi nyuma! Rudi nyuma! Na tope siku hiyo likakubali. Kifaru kikarudi.

Kamanda hakujua, akasema Baba. Mie nilijua yuko nyuma. Nilimwona anapita mbele ya kidirisha changu anakwenda. Nilijua, Kokuberwa. Nilikuwa na sekunde moja, labda mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka kuishi.

Walipotoka kwenye hatari walimfunika Mbwana kwa turubai. Yeye Baba alikaa hadi asubuhi kaegemea kichwa cha kifaru, shavu kwenye chuma. Ndiyo maana anaijua ile ngozi. Siyo kwa mikono.

Kwenye taarifa kamanda akaandika bomu la adui. Kamanda naye kafariki zamani. Bi Tunu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa ndiyo nimejua yule mgeni anakuja kuambiwa nini.

Nimemfuta vumbi la putty shavuni kwa kitambaa chenye maji. Nilitakiwa kusema nini? Pole? Kwa nani?

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Fredrick kaja na mkewe Lulu na kuku wawili. Baba kala vizuri. Kachekacheka na Lulu. Namwangalia tu. Huyu ndiye aliyenifundisha baiskeli.

Fredrick kachungulia kile chumba. Akasema: dada, hiki ni chuma kweli? Nikasema gonga. Akagonga, ikalia ubao. Akacheka hadi kukohoa. Sikumwambia lolote. Siri ile si yangu ya kugawa.

Upande wa kushoto bado.

Jumanne, 22 Aprili

Baba kaanguka chooni. Saa mbili asubuhi. Upande wa kulia wote umepooza. Mdomo umekwenda kombo.

Hospitali. Naandika kwenye benchi.

Ijumaa, 25 Aprili

Kaongea leo, lakini si maneno. Sauti moja, mmm, kama mtu anayekubali. Kila kitu mmm. Nesi mmoja, Sista Atuganile, ana huruma. Aliniona nimemshika Baba mkono wa kushoto nikasema ananibana, anasikia! Akanivuta pembeni. Kwamba mkono huo hubana wenyewe, ukiweka kitu chochote kiganjani utabana. Nisijenge matumaini juu yake.

Kwa nini wanasema ukweli mchana kweupe hivi?

Jumanne, 29 Aprili

Tumerudi Madale. Fredrick kahamishia kitanda cha Baba kwenye chumba cha kifaru, maana ndicho kiko karibu na choo. Dude haliwezi kutoka, kwa hiyo wamelala wawili, mzee na kifaru chake, ubavu kwa ubavu. Kupita hapo katikati unakwenda kiupande.

Fredrick kasema mpigie yule mama, mwambie asije. Nikapiga. Sauti ya pole pole, ya watu wa hapa hapa mjini. Nikamwambia Baba kapatwa na kiharusi, hawezi kuongea. Akasema: lahaula! Basi ndiyo nitakuja, mwanangu. Mgonjwa hujuliwa hali. Jumapili ileile.

Nikashindwa kumkatalia. Ningesema nini — usije, hatuna tena cha kukwambia?

Alhamisi, 1 Mei

Nimemuuliza. Nimefunga mlango, nimeinama sikioni. Baba, Bi Tunu anakuja. Nimwambie? Ile ya Mbwana, nimwambie mie? Ukitaka niseme nibane mkono. Ukitaka ninyamaze uache.

Akanibana. Kwa nguvu!

Nikaweka kijiko kiganjani mwake. Akabana kijiko.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemaliza upande wa kushoto. Nilidhani sitaweza, lakini mikono inajua njia. Gonga, acha, lalisha, usirudie. Harufu ya thina ilikuwa kali, nikamhamishia Baba sebuleni kwa kiti cha magurudumu hadi ikapungua. Rangi ya kijani ya jeshi juu yake, nyembamba, isizibe vijibonde.

Kazi imekamilika na ni nzuri. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na natamani kuichoma moto.

Nimewaza siku nzima. Nikinyamaza, Baba anakufa nayo kifuani, na alijenga miaka sita ili aitoe. Nikisema, namchukulia yule mama hata kile kidogo alichopewa. Alipewa shujaa. Nimpe nini badala yake? Na je, ni halali yangu? Labda Baba mwenyewe angefika pale angeshindwa. Watu huahidi. Laiti ningekuwa na uhakika wa kitu kimoja tu! Kimoja tu.

Jumapili, 4 Mei

Niko chumbani kwangu. Najua ni wendawazimu kuandika sasa, mgeni yuko chumba cha pili. Nimesema nakuja kuchukua dawa ya Baba. Dawa iko mfukoni mwangu.

Kaja saa nne, peke yake. Mwembamba, kajifunga ushungi mweupe, miguu imejaa tope la kilima chetu na hajalalamika. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu, poleni na uguzi. Kaleta vitumbua kwenye kikapu. Nikambebea kikapu, nikashindwa kumtazama.

Akaingia kwa Baba. Shemeji Ansbati, akasema. Ndivyo anavyomwita — eti wakati wa mazoezi, kabla ya vita, Baba alikuwa akila kwake kila Jumapili. Sikujua! Baba alipoisikia sauti uso wake wote uligeuka. Mmm. Mmm. Machozi yanatoka jicho moja tu. Bi Tunu akayafuta kwa ncha ya ushungi wake bila kuuliza.

Halafu akageuka akakiona kifaru.

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kichwa cha kifaru, polepole, kama mtu anayegusa ng'ombe asiyemjua. Akapapasa. Vijibonde vyangu. Akapitisha vidole hadi kwenye kifuniko, akarudi.

Kigumu hivi, akasema.

Nikamwonyesha kifuniko, nikamwambia hapa chini upande wa kushoto ndipo alipokuwa anakaa. Akainama akachungulia. Akasema Mbwana alikuwa mrefu, angeingiaje? Akatabasamu. Hapo nikafikiri: imeisha. Kashika, kaona, atakunywa chai, atakwenda. Nikawa naomba kimoyomoyo aende.

Akakaa kitini. Akashusha pumzi. Akasema, bila kunitazama mie wala Baba, macho kwenye kifaru:

"Mwaka themanini alinijia mtu. Alikuwa nao kule vitani. Alikaa kwenye mkeka wangu akaniambia maneno yake, akaondoka. Sikumwamini, wala sikumkatalia. Nilikuwa na mtoto mchanga. Nikayaweka. Nimeolewa tena, nimezika tena, yapo tu. Shemeji aliponipigia simu mwezi wa tatu nikajua ananiitia hayo. Sasa naye Mungu kamfunga mdomo. Mwanangu, baba yako alikwambia kitu?"

Baba akaanza kupiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Pu, pu, pu. Sijui ni sema au ni nyamaza. Sijui! Nilimtazama machoni, na macho hayana kitu.

Nikasema ngoja nilete dawa.

Ni mtu gani alikwenda kwake? Alimwambia nini? Kama alimwambia ukweli, amekaa nao miaka arobaini na mitano na leo kaleta vitumbua. Kama alimwambia uongo mbaya zaidi —

Mkono wa Baba umeacha kupiga. Nasikia Bi Tunu anaongea naye, chini chini, siyapati maneno. Ameongea muda. Baba kanyamaza, hata ile mmm hakuna.

Kiti kimesogea. Bi Tunu anakuja kwenye korido, namsikia anashika ukuta kila hatua.

Anaita jina langu. Naweka kalamu; akiniuliza tena, nitamwambia.